Moyo na Kidole, Wapi na Wapi

Mke wangu alikuwa mchumaji wa pamba ambaye wanawake wenzake hawakupenda kupangwa mstari wa jirani naye. Hawakumkimbia kwa sababu ya mdomo, ingawa mdomo anao. Walimkimbia kwa sababu ukichuma karibu naye utaonekana mvivu hata kama jasho limekutoka mpaka kisigino. Alichuma kwa mikono yote miwili, kila mkono na mche wake, na pamba yake ilitoka nyeupe bila jani wala ganda. Siku za kupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika, wenzangu walikuwa wanatenga safi na fifi, ile chafu ya bei ya chini, huku wakibishana na mpimaji; mimi nilishusha magunia yangu nikaenda kukaa kivulini. Kiburi hicho nilikipata bure, kwa vidole vya mtu mwingine, na mpaka leo sijakirudisha.

Yeye kazaliwa Nassa, karibu na ziwa, kwa watu wanaolima na kuvua. Mimi ni wa huku, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwa watu ambao usipotaja ng'ombe hawajui mazungumzo yaanzie wapi. Tulipooana ndugu zangu walimtania kwamba ameingia na harufu ya samaki. Akawajibu kuwa harufu ya samaki huisha ukioga, lakini ya zizi haijawahi kuisha kwa mtu. Watu walicheka mpaka wazee wakashika mbavu. Nilijua siku ile kwamba nyumba yangu haitakuwa na ukimya, nami nilifurahi, maana mimi mwenyewe ni mtu wa hasira za karibu na ninahitaji mtu wa kunijibu.

Vidole vilianza kumsumbua kabla hajafika umri wa kusumbuliwa na viungo. Aliamka asubuhi vimekakamaa vyote, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, akawa anavikanda kwa maji ya moto mpaka jua lipande ndipo aweze kushika kikombe. Baadaye vifundo vya mikono vikavimba, ukivigusa ni vya moto. Kisha magoti. Kwetu jambo hilo lina jina moja tu, baridi. Umelima kwenye umande, ni baridi. Umefua kwa maji ya kisima, ni baridi. Ulijifungua ukaacha mapema kukaa karibu na moto, basi baridi ile ilikuvumilia miaka yote hiyo na sasa imekuja kudai chake.

Na dawa ya baridi kwetu nayo ni moja: makongoro. Miguu ya ng'ombe inachemshwa tangu asubuhi mpaka nyama iachie mfupa wenyewe, mchuzi unakuwa mzito, unanata midomoni. Watu husema kinachonata midomoni ndicho kitakachonata magotini, kwamba ule ute wa ng'ombe unakwenda moja kwa moja kwenye maungio yako na kuyalainisha. Hakuna anayeuliza unapitia njia gani. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba yetu afariki ndiye mkuu wa ukoo, aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Akichinjwa ng'ombe popote, kwenye harusi au msiba, alisimama karibu na mchinjaji mpaka apewe miguu, akaifunga kwenye baiskeli na kuileta kwangu. Alimpenda shemeji yake. Sisi Wasukuma tukikupenda tunakupa ng'ombe, na tukikupenda zaidi tunakupa aliyekwisha kupikwa.

Basi mke wangu akanywa. Chumvi aliitia kwa kiganja, maana mchuzi ule bila chumvi haupandi, na mafuta yaliyoelea juu hakuyaengua kwa sababu kaka alisema nguvu yote iko pale. Juu ya hapo kulikuwa na vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Kimoja asubuhi na kimoja jioni, na siku za kuchuma pamba akajiongezea. Viliondoa maumivu, hilo siwezi kukataa. Alichuma navyo msimu mzima, na wanawake wakaendelea kukimbia mstari wake.

Binti yetu mkubwa, anayeishi Maswa pale Binza na ana duka lake dogo, alikuja msimu mmoja akamkuta mama yake anafungua kizibo cha chupa kwa meno. Hakuuliza mtu. Alimchukua mama yake wakaenda hospitali, akatolewa damu, wakarudi na jina jipya. Wakaambiwa kuwa hii si baridi ya umande wala ya maji ya kisima. Ni baridi yabisi, ugonjwa ambao askari wa mwili wako mwenyewe wanayageukia maungio yako na kuyapiga. Nilipoelezwa nilisema kikulacho ki nguoni mwako, na mke wangu akaniuliza kama nilikuwa namaanisha ugonjwa au ndugu zangu. Alipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Uvimbe ulipungua, asubuhi zikawa nyepesi, na alipoona ni mzima akaviacha. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo. Ni nani anayeendelea kula dawa ilhali haumwi? Vidole vilipoanza tena akarudi kwenye vidonge vya duka la dawa na makongoro ya kaka, na hakumwambia binti yetu.

Hapa lazima nieleze tunavyotembea, maana yote yaliyofuata yamefungwa humo. Kwetu mume hutangulia, na mke hufuata nyuma na mzigo wake. Wazee walisema ni kwa sababu ya fisi na nyoka, kwamba chochote kitakachokuwa njiani kikutane na mwanamume kwanza. Fisi siku hizi wamebaki huko upande wa hifadhi, na njia zetu zimejaa bodaboda, lakini mwendo umebaki ule ule. Na mwanamume hageuki geuki. Anayegeuka kila mara kumtazama mkewe, watu husema ama ana wivu ama anamwogopa. Mimi nilitembea na mke wangu maisha yetu yote kwa kumsikia. Nilisema maneno yangu mbele, yeye akayapinga nyuma, na hivyo tukafika tulikokuwa tunakwenda.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani. Njia inapanda kidogo kati ya mashamba ya pamba. Nilisema neno la uchokozi, kwamba watu wa Nassa wanalima kwa jembe lakini macho yote yako ziwani. Neno kama hilo asingeliacha lipite hata angekuwa amelala. Nikangoja jibu. Nikatembea hatua kadhaa tena nikingoja. Kisha nikageuka.

Alikuwa mbali kule chini, amekaa ukingoni mwa shamba, kitenge kimemshuka begani. Nilirudi mbio. Mkono mmoja ameshika taya, na jasho linamtiririka usoni ingawa jua lilikuwa bado halijakolea. Nilimuuliza ana nini.

"Baridi yangu," akasema. "Imepanda tayani."

Nami nikakubali. Ugonjwa uliokwisha kupanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na kutoka kiwikoni mpaka begani, utashindwaje kufika kwenye taya? Tulikaa pale mpaka pumzi ikamrudia, tukaenda nyumbani taratibu. Kaka alipopata habari alisema ni wazi baridi imeongeza kasi, nasi lazima tuongeze dawa. Wiki ile alileta miguu yote minne ya fahali mmoja.

Nikisimulia haya watu wanatikisa vichwa, na nikiona wanatikisa zaidi ya inavyostahili ninakasirika. Wangefanya nini wao? Kila mtu aliyesikia habari ya taya, wanaume kwa wanawake, wasomi na wasiosoma, alisema ni baridi. Hatukuwa wazembe. Tulikuwa tunamtibu kila siku, kwa bidii, na kwa nyama.

Haikupita muda mrefu. Mchana mmoja alikuwa anapepeta mtama uani, nami natengeneza mpini wa jembe karibu naye. Niliona ungo unamponyoka. Mtama ukamwagika, kuku wakauvamia, naye hakuwafukuza. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mke wangu angefukuza kuku hata akiwa kwenye uchungu wa kuzaa. Akasema mgongo unamuuma katikati ya mabega, taya tena, na kifuani kuna kitu kizito kama gunia la pamba iliyoshindiliwa. Kisha akatapika. Sikumwita kaka. Nilimwita jirani mwenye bajaji, tukampakia, na njia nzima mpaka Bariadi nilimshika mkono nikamwambia asinyamaze, anitukane kama anataka, ila asinyamaze. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, na mimi nimewahi kusimama na simba tukitenganishwa na ua wa zizi tu, yeye ndani mimi nje.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, labda rika la yule wetu wa Binza. Walimbandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari, akaitazama, wakampa vidonge vya kutafuna, wakamwekea na dripu. Walipomaliza haraka zote zile akavuta kiti akaketi karibu na kitanda. Akavishika vidole vya mke wangu, vilivyoanza kulala upande mmoja, akavitazama kwa muda.

"Mama, hivi vidole ni tangu lini?"

"Siku nyingi, mwanangu. Ni baridi tu."

"Na ukitembea, huwa unaishiwa pumzi? Unasimama njiani?"

Nilifungua mdomo kusema hapana. Mke wangu akanitangulia.

"Nasimama," akasema. "Nasimama kila penye kamlima. Halafu nakaza mwendo nimfikie. Yeye haoni, yuko mbele."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anavyotaja njia ilipo. Kisogo hakina macho, na mimi kwa mwaka mzima, labda zaidi, nilikuwa natembea mbele ya mgonjwa wa moyo nikimchokoza kwa maneno, naye akipambana kupata pumzi ya kunijibu ili nisijue.

Daktari akasema moyo umepata shida, mshipa mmoja unaoulisha umebana, na kwamba lazima aende Mwanza kwenye hospitali kubwa wakaangalie zaidi. Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka, amesikia kwa jirani. Nilipomwambia ni moyo akasema kwa sauti ya mkuu wa ukoo, "Anaumwa vidole, wao wanatibu moyo. Moyo na kidole wapi na wapi? Usikubali mdogo wangu, hao wamechanganya wagonjwa."

Kusema kweli nami swali hilo lilikuwa limenikaa kooni. Nilimgeukia yule binti nikamuuliza, tena kwa ukali ambao hakuustahili. Nilimwambia mke wangu hajawahi kuumwa moyo, hana shinikizo la damu, havuti sigara, si mnene, na mama yake kule Nassa alikufa mzee kabisa. Ugonjwa wake ni wa maungio. Umefikaje kifuani?

Hakukasirika. Aliniuliza, "Baba, nyumbani mnapikia kuni?"

Nikasema ndiyo.

"Moto unawaka chini, kwenye mafiga. Masizi yako wapi?"

Nikasema yako juu, kwenye dari, kwenye miti ya paa.

"Ndivyo ilivyo. Ugonjwa huu ni moto. Mnauona kwenye vidole kwa sababu huko ndiko unakowaka. Lakini hauishii huko. Unazunguka na damu mwili mzima, na kila siku unaiharibu mishipa kidogo kidogo, mpaka ile ya moyo. Mtu mwenye baridi yabisi moyo wake uko hatarini kuliko wa jirani yake, hata kama hana presha. Na kwa wanawake mara nyingi hauji kwa kushika kifua kama mnavyoona kwenye sinema. Unakuja kwa kuchoka, kwa pumzi, kwa mgongo, kwa taya."

Kisha akaeleza yaliyobaki. Vidonge vile vya maumivu, kwa wingi ule na kwa muda ule, navyo huutesa moyo. Chumvi na mafuta ya kila siku hayakusaidia. Na dawa za mara moja kwa wiki, zile alizoziacha, hazikuwa za kuondoa maumivu tu. Zilikuwa za kuuzima moto wenyewe, na moto ukizimwa kwenye maungio hata moyo unapata nafuu. Nilimwomba radhi kwa ukali wangu. Akasema amezoea, baba yake ni Msukuma.

Mwanza walithibitisha yote. Moyo ulikuwa umeumia lakini haukuwa umeharibika kiasi cha kukatiwa tamaa. Tulirudi na dawa za kila siku na zile za kila wiki, na masharti. Asinunue tena vidonge vya maumivu bila kumuuliza daktari. Apunguze chumvi na mafuta. Ale mboga zake, maharage, na samaki. Waliposema samaki mke wangu aligeuka kunitazama, akanitazama kwa muda mrefu sana, na hakusema neno, na lile ndilo tusi kubwa kuliko yote aliyowahi kunitukana. Sharti la mwisho lilikuwa kutembea. Kila siku, polepole, kisha aongeze kadiri moyo unavyozoea, kiasi cha pumzi kwenda haraka kidogo lakini aweze kuzungumza. Kifua au taya ikiuma asimame hapo hapo. Na asitembee peke yake.

"Nitatembea naye mimi," nikasema.

Asubuhi ya kwanza tulipotoka uani yeye alisimama pembeni kunipisha, kama siku zote. Nikamwambia atangulie.

"Nitangulie niende wapi?"

"Popote. Mimi nakaa nyuma nikuone."

"Watu watasema nimekulisha limbwata."

Nikamwambia waseme, limbwata lenyewe halina mafuta wala chumvi, daktari hakulikataza. Alicheka, akashika kifua kwa kucheka, nami nikaruka kumshika. Akanipiga kofi la mkononi akasema kicheko si ugonjwa. Ndipo akatangulia.

Waliyoyasema watu ningeweza kujaza nayo debe. Vijana wa kijiwe cha bodaboda waliniita bodigadi. Wanawake kisimani walimuuliza mke wangu mganga wake anaishi wapi. Siku za mwanzo nilikuwa nambebea kigoda ili akichoka akae, na mwanamume anayetembea nyuma ya mkewe na kigoda mkononi, kwa kweli, hata mimi ningemcheka. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyekikataa. Alisema kuchekwa kwa sababu ya moyo anavumilia, ila kwa sababu ya kiti hapana. Kigoda kikabaki nyumbani, akawa anakaa juu ya mawe kama watu wengine.

Haikuchukua muda kaka akaja. Alikataa uji, nikajua ni mambo ya ukoo.

"Mdogo wangu," alianza, "kuumwa kwa shemeji kunatuuma sote. Lakini hii habari ya kumfuata nyuma, unatuaibisha. Watu wananiuliza kama kwenu kuna mwanamume."

Hasira zangu nimezitaja. Lakini siku ile hazikupanda. Nilikuwa nimeshalifikiria jambo hilo huko njiani, nikitazama visigino vya mke wangu.

"Kaka," nikamwambia, "ng'ombe unawachunga ukiwa wapi?"

"Nyuma. Watu wote wanachunga nyuma."

"Kwa nini?"

"Ili niwaone. Anayechechemea nimwone, anayebaki nimwone."

"Tangu utoto wako umetembea nyuma ya ng'ombe kijiji kizima kikikutazama, hukuona aibu hata siku moja. Mimi nikitembea nyuma ya mke wangu ili nimwone, ndipo umeona aibu?"

Ndani ya jiko tukasikia mke wangu anasema, si kwa sauti kubwa, lakini ya kutosha, "Afadhali. Miaka yote hii nilikuwa naomba nipewe heshima ya ng'ombe katika ukoo huu."

Kaka alijaribu kujizuia akashindwa. Tulicheka wote wawili, wazee wazima, mpaka akaomba ule uji. Akiwa anakunywa nilimweleza habari ya moto na masizi, taratibu, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza. Mwisho aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama makongoro ndiyo yaliyomuumiza shemeji yake. Nilimwambia ugonjwa ndio uliomuumiza. Mke wangu akatoka jikoni, akaketi, akamwambia, "Shemeji, mkono wako umenilisha nikiwa siwezi kushika kijiko. Sasa wamenibadilishia tu mboga. Ukienda mnadani Lamadi niletee sato."

Kaka yangu hajawahi kula samaki. Anasema wana macho ya watu. Lakini juma lililofuata nilimwona anakuja na baiskeli, sato wamening'inia kwenye usukani, yeye kajivuta nyuma kwenye kiti mpaka nikahofu ataanguka, uso kaugeuzia pembeni. Alipita katikati ya kijiji hivyo hivyo, mbele ya vijana wa bodaboda. Kama kuna siku nimemheshimu kaka yangu kuliko zote, ni siku ile.

Sitaki kusema uongo kwamba amepona. Vidole vilivyokwisha kupinda vimebaki vimepinda, na kuna asubuhi anaamka na maumivu akawa mkali kwa kila chenye masikio. Lakini joto limetoka kwenye vifundo. Kila baada ya muda tunakwenda hospitali, wanapima damu, wanamsikiliza moyo, na yule binti daktari huviangalia vidole kwanza kabla ya karatasi. Msimu uliopita aliingia shambani akachuma mstari mmoja, polepole, kwa vidole vile vile. Mstari mmoja tu, akatoka. Pamba yake niliiweka kwenye gunia la peke yake. Ilikuwa safi yote.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wanawake. Walioanza kwa kuuliza mganga wake yuko wapi walirudi mmoja mmoja kuuliza kweli. Mmoja vidole vimevimba asubuhi, mwingine magoti, mwingine tayari anaishiwa pumzi na mumewe anasema ni uvivu. Mke wangu huwakalisha uani na kuwaambia bila kupamba. "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," huwaambia, "na mimi nilikaribia kuumbuliwa katikati ya kuku. Nendeni mkapime damu. Mkishaambiwa ni baridi yabisi, ulizeni na moyo, hata wao wasipousema." Kanisani walimpa nafasi baada ya ibada akasimama akaongea, naye hakusoma zaidi ya darasa la saba. Nilikaa benchi la nyuma. Najua majivuno ni dhambi na nilikuwa ndani ya nyumba ya Mungu, lakini nilijivuna, na ningefanya hivyo tena Jumapili ijayo.

Nyuma ya kijiji chetu kuna mlima wa mawe. Si mrefu, lakini umesimama, na mtu mwenye kazi hana la kufuata huko juu. Juzi tulipotoka asubuhi, mke wangu alifika kwenye njia panda akaacha ya kawaida, akashika ya mlimani. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema daktari aliruhusu aongeze kadiri anavyoweza, na leo anaweza. Nilitaka kumzuia. Nikatazama bega lake lilivyokaa, nikajua ni kazi bure.

Alipanda. Mguu mmoja, mwingine, mkono akiuegemeza kwenye mawe pale ilipobidi, akinisimulia habari za mtoto wa binti yetu aliyegoma kwenda shule. Nilikuwa nyuma yake, macho yangu hayatoki mgongoni kwake, nikisikiliza pumzi chini ya maneno. Tulipokaribia juu alisimama ghafla, mkono mmoja juu ya jiwe.

Nilipanda hatua zile zilizobaki sijui kwa miguu gani, nikamfikia, nikamshika begani. Nikamuuliza, ni kifua? Ni taya? Ni mgongo? Kidonge cha kutafuna kiko mfukoni mwangu, siku zote kiko mfukoni mwangu, nikawa nakitafuta.

Akageuka. Uso wake ulikuwa mkavu, pumzi yake inakwenda vizuri, na kijiji chetu chote kilikuwa chini yake, mapaa ya bati na mashamba.

"Mimi mzima," akasema. "Nimesimama kwa ajili yako. Tangu kule chini nakusikia unavyohema. Kaa hapo kwenye jiwe upumzike, na wiki ijayo tukienda kwa yule binti, wewe ndiye utakayelala kwenye kitanda akuwekee zile waya."

Nilitaka kumbishia, lakini pumzi ya kubishia sikuwa nayo.